Kigingi cha Saba

Tulimwacha Mbeyu amechuchumaa jikoni, ameshika kijiti chenye kichwa chekundu alichokichomoa katikati ya kuni, na mlangoni mtu amesimama ameziba mwanga wote. Baadhi yenu mmeniletea habari kwamba mmekwisha kumjua mtu yule, ni Inspekta Justus wa Ofisi ya Udongo. Poleni. Angekuwa Inspekta, Mbeyu asingeogopa kiasi kile.

Alikuwa mavyaa yake, Nyamvula.

"Kirudishe ulipokitoa," Nyamvula alisema.

Mbeyu hakukirudisha. Alikigeuza, akakitazama tena. Chini ya rangi ile nyekundu namba saba ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto. Ndicho kigingi cha serikali ambacho Ofisi ya Udongo ilikuwa ikikitafuta Chaani nzima tangu jana, na mvua ya vuli inamwagika.

Kwa aliyechelewa kuingia katika hadithi hii nitasema upesi, kwa sababu maji hayatusubiri. Mteremko wa Chaani, ule unaoshuka kutoka barabara ya malori mpaka kwenye mikoko, ulikuwa unamomonyoka tangu juu yake kulipochimbwa na kusawazishwa kwa ajili ya matangi ya mafuta. Kila mvua ikinyesha, udongo unashuka na kitu cha mtu. Serikali ikaleta Ofisi ya Udongo. Ofisi ikapanga vigingi kwa pimamaji kuukata mteremko, na kwa kufuata vigingi ukachimbwa mtaro mrefu wenye tuta upande wa chini, ili maji yatembee taratibu mpaka korongoni badala ya kushuka na nyumba za watu. Aliyevipiga vigingi ni Katana, mume wa Mbeyu, nyapara wa Ofisi. Kukigusa kigingi ni kifungo. Na nyumba ya kwanza chini ya tuta ni ya Sidi, dada yake Katana, aliyejifungua jana akatoka damu nyingi, mpaka mkunga akakataza asiinuliwe wala kugeuzwa ubavu.

Sasa turudi jikoni.

"Mama, hiki kimefikaje huku?"

"Kimekuja na kuni."

"Kuni hazina namba."

Nyamvula aliingia, akavuta mlango, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumfukuza karani wa kodi kwa mwiko wa moto, karani akakimbia akaacha kofia. Leo aliikalia mikono yake, kama mtoto aliyefumaniwa. Mbeyu aliiona. Mvua iliwahi kumtisha, ngurumo iliwahi kumtisha, lakini mikono ile iliyofichwa ilimtisha zaidi.

"Nilikisogeza," Nyamvula alisema. "Halafu juzi nikasikia Inspekta anapita akisoma namba, kigingi kwa kigingi. Nikaenda kuking'oa kabisa, nikakileta huku nikichome. Kuni mbichi, moto haukushika."

"Ulikisogeza kutoka wapi?"

"Kilikuwa miguuni pa Kombe."

Kombe ni marehemu mumewe. Amezikwa kwenye mteremko uleule, na kichwani pake imesimama nguzo ya koma, makazi ya roho yake, imevikwa vitambaa, na kila mwezi Nyamvula humpelekea ugoro na kumpa habari za nyumbani. Katana ni mtu wa kanisa siku ya Jumapili, na mbele ya wakubwa wa Ofisi huipita nguzo ile kama haioni. Lakini siku za kazi akipita peke yake, huvua kofia.

"Mtaro wenyewe mpana," Nyamvula aliendelea. "Kigingi kilikuwa hapa, miguu yake hapa. Ungemla vidole. Katana hakuwepo, alikuwa kwenye kazi Kisauni. Nimwombe nani? Inspekta? Nikaona nikisogeze mimi, mtaro umpishe mzee wa watu. Mtaro si mtaro tu, mama? Maji si yatapita tu?"

"Ukakipeleka wapi?"

"Chini. Pale kwenye kisiki cha mkorosho."

Mbeyu alikitazama tena kigingi mkononi.

Hakuwahi kusoma mambo ya Ofisi ya Udongo, lakini alikuwa ameolewa nayo. Wanawake wengine waume zao wakirudi huwasimulia mpira na ugomvi wa bandarini. Wake alimsimulia mteremko. Alijua vigingi vyote husimama kwenye usawa mmoja, na kimoja ukikishusha, mtaro unashuka nacho, na maji yakifika hapo hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Yanakaa. Yanajaa. Alijua hata namna tuta linavyokufa, maana Katana alimwambia mara nyingi kuliko alivyotaka kusikia: likivuja maji meupe, lichunge. Likivuja maji mekundu, linaliwa ndani. Na likiacha kuvuja ghafla, usiulize kitu, kimbia.

"Mama," alisema, na sauti yake aliisikia ndogo. "Chini ya kile kisiki kuna nini?"

"Naijua nyumba ya mwanangu ilipo," Nyamvula alijibu kwa ukali. Mvua ikapiga makuti juu yao. Kidogo kidogo uso wake ukabadilika, na Mbeyu akajua kwamba ameelewa.

"Sidi," Nyamvula alisema.

Mbeyu alikwisha kusimama. Nyamvula naye akasimama, akaurudia mlango, akauziba.

"Ukimwambia Katana atafanya nini? Ni mtu wa serikali. Akinitaja, amemfunga mamake. Akinificha, atafungwa yeye. Tumtoe Sidi kimya kimya."

"Mkunga amesema akiinuliwa damu itarudi."

"Basi tungoje. Mvua itakatika."

"Katana yuko juu kule na vibarua wanajaza magunia, mama, kwenye kigingi cha kwanza, kwa sababu ndiko maji ya barabarani yanakoingilia. Huku kwenye kisiki hajaweka hata mtu mmoja. Hajui. Nipishe."

Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumwambia mavyaa yake neno lile. Nyamvula alikishika kigingi, Mbeyu naye hakukiachia, wakavutana kama watoto wanaogombea muwa. Na yule mkubwa ndiye aliyeachia kwanza.

"Nenda," alisema. "Mwambie ni mimi. Usimwambie nililia."

Mbeyu alikifunika kigingi ndani ya kanga, akatoka mbio.

Njia ya chini ilikuwa imegeuka tope, kwa hiyo alizunguka kwa juu, na kwa juu lazima upite mbele ya duka la Mzee Jamaludin. Tazama bahati yake. Barazani pa duka, mguu juu ya mguu, kikombe cha kahawa mkononi, alikuwa amekaa Inspekta Justus.

Mtu huyu Chaani walimwogopa kuliko askari. Askari hukukamata kwa ulichofanya. Justus aliweza kukupeleka kortini kwa kulima ukishuka mteremko badala ya kuukata, kwa kumfunga mbuzi kwenye tuta, kwa kupitisha baiskeli mahali pasipo njia. Maneno ya Uhuru yalikuwa yamejaa kila kona, na wote walijua kiti cha Mzungu wa Ofisi kitabaki wazi, na nani anakitazama. Alichohitaji Justus ni kesi moja nzuri.

Mbeyu aliinamisha kichwa apite.

"Mbeyu, wendapi na mvua hini?" Mzee Jamaludin aliita kutoka ndani. "Njoo ujisitiri, mwanangu."

Asingeweza kujifanya hakusikia. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, bwana."

"Marahaba," walijibu wote wawili, na Justus akaongeza, "Wewe si mke wa Katana?"

"Ndiyo, bwana."

"Umebeba nini?"

Mbeyu alitazama kanga yake. Imelowa, imegandamana na kijiti, na umbo lote lilikuwa linaonekana. "Mwiko, bwana. Nampelekea wifi yangu. Amejifungua jana."

"Mwiko mrefu."

"Sufuria kubwa, bwana."

Justus aliweka kikombe chini. Alikuwa ananyanyuka. Mbeyu aliona mkono wake unakuja, akaona na kidole kimoja chenye pete. Hofu ya namna ile haina kelele. Unabaki ukitazama.

Mzee Jamaludin akatokea kati yao na mwavuli. Ni mtu wa nyumba ya kale, babu zake wamelala Mombasa kabla hapajawa na reli, na nusu ya mteremko ule ni ardhi yake. Akisimama mahali, watu hungoja aondoke.

"Inspekta, mwenye uzazi hangojeshwi. Nimvushe hapo kwenye mfereji, narudi sasa hivi. Kahawa yako inapoa."

Akampeleka Mbeyu mpaka nyuma ya duka, mwavuli juu yao wote wawili, anatembea polepole kama mtu anayekwenda msikitini. Walipofichika alisema kwa sauti ya chini, bila ya kumtazama:

"Hicho ulicho nacho kitupe kwenye mikoko. Rangi yake yaonekana."

"Mzee, mimi..."

"Sikuuliza. Nimenyamaa muda wote huu, sitasema leo. Lakini mumeo mwambie asirudie. Nalimuona kwa mato yangu haya, kabla ya Maulidi, jua laanza kutoka, akiking'oa pale penye nguzo ya koma na kukishusha. Naliketi hapa nikasema, wallahi, ningekuwa mimi ningefanya vivyo. Nami n'na wazee wangu mteremko huu."

Mbeyu alisimama mvuani. Mwavuli ulimwacha nyuma hatua kadhaa kabla ya mzee kugundua.

"Si Katana, mzee," alitaka kusema. "Ni mama."

Kabla ya Maulidi, mzee amesema. Katana alikwenda Kisauni baada ya Maulidi, na mama anasema alikisogeza Katana akiwa Kisauni. Mzee amekiona kwenye nguzo. Mama alikikuta miguuni.

Msomaji, nadhani umekwisha kuona. Mbeyu naye aliona, na alipoona, alimsahau Mzee Jamaludin, akamsahau na Inspekta. Kigingi kile kilisogezwa mara mbili. Mwana alikisogeza kwanza, kwa siri, asimwambie mama. Mama akaja akakisogeza tena, kwa siri, asimwambie mwana. Kila mmoja alimhifadhi Kombe, na kila mmoja alidhani amefanya jambo dogo.

Alikimbia. Hakutazama nyuma, na ndiyo maana hakumwona Justus anavaa koti lake la mvua.

Katana alikuwa kwenye kigingi cha kwanza, matope mpaka magotini, anapokezana magunia na vibarua. Alipomwona mkewe alidhani ni habari ya Sidi, akaacha gunia likaanguka.

"Amekufa?"

"Hajafa. Njoo huku."

Wakasimama kando. Mbeyu akafunua kanga kidogo tu, ule wekundu ukaonekana, akafunika. Katana alikuwa mtu mweusi wa kung'aa. Rangi ile ilimtoka usoni.

"Nani amekwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Niliteremka nacho kidogo. Pimamaji ilinipeleka moja kwa moja kifuani pa baba. Ningemwambia nini mama? Kwamba kazi ya serikali ni kumfukua mumewe? Nikakishusha mpaka miguuni, urefu wa jembe na mpini wake, basi. Nikawaachia vibarua agizo, hapo tuta liwe nene mara mbili. Nilipima, Mbeyu. Maji yatakusanyika kidogo, yatafika kiunoni, lakini tuta litashika."

"Mama naye alikisogeza."

Katana alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ya mabaharia wa kigeni.

"Wewe ulipokuwa Kisauni. Alikikuta miguuni, akaona hapatoshi. Alikipeleka mpaka kwenye kisiki cha mkorosho. Vibarua walichimba kwa kukifuata hicho."

"Haiwezekani. Nilipita juzi. Mtaro umepinda chini ya kaburi, vilevile nilivyo..." Akakatiza. "Sikuangalia. Maji yalikuwa yamejaa tayari, na mimi sikutaka kupatazama sana pale."

Alinyakua mti wa kupimia, akaondoka mbio kwa kufuata tuta, na Mbeyu nyuma yake.

Mtaro kutoka kigingi cha kwanza hadi cha sita ulikuwa unatembea vizuri, maji yake yanakwenda kwa adabu. Baada ya cha sita ulishuka, ukaingia kwenye tumbo kubwa lililozunguka kaburi kwa chini, halafu ukapanda tena kwenda cha nane. Maji katika tumbo lile hayakutembea. Yalizunguka taratibu, na juu yake yalielea majani, kandambili moja, na povu la kahawia.

Katana alipiga magoti juu ya tuta, akauzamisha mti. Ukaenda. Akauzamisha mpaka mkono wake ukaingia majini, mpaka kiwiko, mpaka kwapani, shavu likagusa maji. Hakugusa chini.

Aliinuka. Wote wawili waligeuka kutazama upande wa pili wa tuta, upande wa nyumba.

Kaa walikuwa wamelitoboa. Pale Chaani kaa wa nchi kavu huchimba popote penye udongo laini, na tuta jipya ni sikukuu kwao. Kila tundu lilikuwa linatema maji, mengine kwa matone, mengine kwa mkondo mnene kama kidole gumba. Na maji yale hayakuwa meupe.

"Mekundu," Mbeyu alisema.

"Naona."

Chini yao, karibu kiasi cha kuweza kurusha jiwe likatua juu ya makuti, ilikuwa nyumba ya Sidi. Moshi mwembamba ulitoka pembeni mwa paa. Mtoto alikuwa analia, kile kilio kikavu cha watoto waliozaliwa jana.

"Nani alikihamisha?"

Ni Justus. Alikuwa amesimama nyuma yao, maji yanamtiririka kofiani, na hakuna aliyejua amesikia kiasi gani. Vibarua nao walikuwa wamefuata, wamesimama kundi.

"Mimi," alisema Katana.

"Mimi," alisema Mbeyu, akakitoa kigingi ndani ya kanga, akakishika mbele yake.

Justus alikitazama kigingi. Hii ndiyo kesi yake nzuri, imeletwa mpaka mkononi. Kisha akatazama matundu ya kaa, akayafuata kwa macho moja baada ya jingine, na nyie mliokuwa mnamchukia mtu huyu tangu mwanzo, mngemwona uso wake pale. Hata yeye alikuwa na mama mahali fulani huko bara.

"Litashika?" aliuliza.

"Halitashika," Katana alijibu.

"Tulikate, maji yatoke."

"Ukilikata hapa, unakata shingo ya dada yangu."

"Basi atolewe."

Kalama, kibarua mzee kuliko wote, alikuwa amekwisha kuteremka bila ya kuagizwa. Alirudi akihema, matope yamemfika kiunoni. "Nyumba imezungukwa. Mguu ukizama hautoki. Mkunga yuko ndani naye, ameng'ang'ania mlango, anasema hawezi kumbeba, nasi hatuwezi kufika."

Mvua ikaongeza.

"Kuna njia moja," Katana alisema, na alikuwa anasema kama mtu anayetapika. "Tuchimbe pale ulipopaswa kupita tangu mwanzo. Kutoka cha sita mpaka cha nane, moja kwa moja. Maji ya juu yatakwenda korongoni bila kuingia humu. Udongo tutakaoutoa tuzibe mdomo wa tumbo. Yaliyomo ndani yabaki yamekaa, yasiongezewe, tuta litapumua. Ni kipande kifupi. Watu wote hawa, tutakimaliza."

Justus alisimama kwenye kigingi cha sita, akafumba jicho moja, akatazama kuelekea cha nane. Wote walifuata jicho lake. Katikati ya mstari, vitambaa vyake vimelowa na kuning'inia, ilikuwa imesimama nguzo ya koma ya Kombe.

"Chimbeni," Justus alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema chimbeni."

Kalama aliweka jembe lake chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Bwana, nifukuze kazi. Pale sichimbi. Mtu akishasimamishiwa koma, hang'olewi." Akaweka na mwingine. Akaweka na wa tatu. Walikuwa wanaume wazima, wapakuaji wa meli na wabeba magunia, na walikuwa wanaogopa waziwazi, hawakuona haya.

Katana aliokota jembe la Kalama. Akapanda hatua zile chache mpaka kaburini, na alipofika akasimama ghafla.

Mamake alikuwa ameketi pale. Alipita njia gani, hakuna aliyemwona. Ameegemea nguzo ya koma, miguu ameinyosha mbele, kanga imegandamana na mwili mwembamba, na mvua inampiga usoni bila ya yeye kujifuta.

"Mama, inuka."

"Mwenyewe ulikisogeza kwanza," Nyamvula alisema. "Nimekusikia ukikiri mbele ya Inspekta. Mbona hukuniambia? Ungeniambia, nisingekigusa."

"Nawe hukuniambia."

"Nilikuogopa. Umekuwa mtu wa serikali."

"Nami nilikuogopa wewe." Katana alikuwa analia, na hakujali vibarua wake. "Inuka, mama. Nimekuja kumchimba baba."

"Ukimng'oa, nani atakayekuita mwana wa Kombe? Utampelekea nani habari zako? Mimi nikifa nitalala wapi?"

"Sidi yuko chini."

Kilio cha mtoto kilipanda mteremko, kikakatika, kikaanza tena. Nyamvula aligeuza kichwa kukisikiliza. Mbeyu, aliyesimama karibu kuliko wote, aliona midomo yake inatikisika, akajua anazungumza na mumewe, na kwamba mazungumzo yale si marefu. Kisha yule mama aliinuka kwa kuishika nguzo, akaunyosha mkono.

"Nipe hilo jembe."

"Mama..."

"Lipe huku. Mimi ndiye niliyemzika. Mwana hamchimbi babake mama yuko hai."

Justus alivua kofia. Sijui kwa nini, na nadhani hata yeye hakujua. Nyamvula alipanua miguu kama alivyozoea shambani, akainua jembe, akalishusha kwenye shina la nguzo, na sauti yake ikawa ndogo tu, ya udongo uliolowa. Akapiga la pili. Nguzo ikainama. Kalama akashindwa kuvumilia kumtazama mwanamke mzee akichimba peke yake. Akashika jembe la mwenzake, akapanda, na wengine wakamfuata, wanachimba huku wamegeuza nyuso. Katana alikuwa mbele yao, akichimba kama kichaa kutoka kigingi cha sita, na maji ya kwanza yakaanza kuitikia, yakaingia kwenye njia yao mpya, membamba, yakienda kule yalikotakiwa kwenda tangu mwanzo.

Mbeyu alibaki juu ya tuta. Yeye ndiye aliyeachwa achunge matundu. Alikuwa ameanza kuwaza kwamba watawahi. Aliwaza kabisa hivyo, kwa maneno hayo, watawahi, akainama kuyatazama tena matundu ya kaa yaliyokuwa yanatema maji mekundu.

Hayakutema kitu.

Alidhani ni macho yake. Akasogea, akaweka kiganja juu ya tundu lililokuwa kubwa kuliko yote. Palikuwa pameziba. Udongo ulikuwa umekaa juu yake, laini, baridi, na chini ya kiganja chake aliusikia unatembea.

"Katana," aliita. Akaita tena.

Katana aliinua kichwa, jembe hewani.

"Matundu yamenyamaza."

Aliona mumewe anafungua mdomo. Aliona Justus anageuka, na Nyamvula ameikumbatia nguzo ya koma iliyong'oka, ameibeba kifuani. Tuta likashuka kidogo chini ya miguu ya Mbeyu, bila ya haraka. Na upande wa chini, katika nyumba ya Sidi, mtoto alikuwa bado analia.